Kilima Kidogo cha Nyuma ya Shule

Yako maneno ambayo mwalimu akiyasikia mara nyingi, mwisho hana budi kuyajibu kwa kalamu. Neno tulisikialo sisi hapa Nassa ni hili: "Mwalimu, mwapanda kilimani kutafuta nini?" Waulizao si wajinga, wala hawana nia mbaya. Wanajua kwamba mtu mzima hupanda kilima kwa sababu: amepotewa na mbuzi, au ataka kuni, au achimba mizizi ya dawa, au siku hizi ana simu mkononi naye atafuta mahali ambapo sauti hufika vizuri. Lakini sisi twapanda mikono mitupu, na nyuma yetu wako watoto wa darasa la tano, kisha twashuka mikono mitupu vilevile. Mithali yasema kwamba mtembezi hula miguu yake; basi majirani huona kwamba tunakula miguu yetu na miguu ya watoto wao pia.

Swali hili si la mzaha. Mzazi ampelekaye mtoto shuleni, huku ng'ombe wake wakikosa mchungaji, ana haki ya kujua mtoto huyo afundishwa nini. Akisikia kwamba amepelekwa kutembea kilimani, moyo wake huuma. Kwa hiyo twataka kueleza tuyaonayo njiani, toka chini hata juu. Na mwisho tutaeleza jambo lililozuka kijijini mwetu mwaka huu, ambalo kama tusingalizoea kupanda, pengine tusingaliweza hata kulisema.

Kilima chenyewe si kikubwa. Hakimo katika vitabu vya jiografia, wala mgeni apitaye katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma hageuzi shingo kukitazama. Wenyeji hukiita Lugulu tu, ambalo kwa Kisukuma maana yake ni kilima, kana kwamba duniani hakuna kingine. Toka uwanja wa shule hata juu ni mwendo wa nusu saa kwa mtoto. Kwa mwalimu aliyekwisha kupita miaka 30 ni zaidi kidogo. Nassa imo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, upande wa kusini wa Ghuba ya Speke. Zamani tulihesabiwa katika wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, makao yake makuu yakiwa Bariadi, Busega nayo ikawa wilaya. Mipaka ikabadilika, barua zikaandikwa anwani mpya, lakini kilima hakikusogea hata shubiri moja.

Twaondoka asubuhi saa moja, jua likingali dogo. Twaanzia chini kabisa, mbugani. Udongo wa hapa ni mweusi. Wakati wa mvua hunata, hata mtoto huacha ndala zake humo akaenda pekupeku. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Hapa watu hupanda pamba na mtama, na mvua zikikaribia kuisha hupanda dengu, ambazo huishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Twamwambia kila mtoto achukue udongo mkononi, autie maji kidogo, aufinyange. Udongo wa mbuga hufinyangika kama unga wa ugali, nao waweza kufanya kamba ndefu isiyokatika.

Ukipanda kidogo, udongo wabadilika. Rangi yake ni ya kijivu, na kiangazi huwa mgumu kama sakafu ya nyumba. Wasukuma wauita itogolo. Maji hayazami humo upesi, na mtu asiyeijua kazi angesema kwamba ni nchi mbaya. Lakini wakulima wetu wameigeuza shida kuwa faida: wameinua kingo kuzunguka vipande vya ardhi, maji ya mvua yakasimama ndani, nao wakapanda mpunga. Ndiyo majaruba tunayoyaona leo pande zote za Usukuma. Hakuna shule iliyowafundisha kazi hii kuliko macho yao wenyewe.

Tena ukipanda, waingia katika luseni, ndio udongo wa mchanga. Huu ni mwepesi, nao jembe laingia bila kelele. Hapa yako mashamba ya mihogo, viazi vitamu, karanga na njugu mawe, na nyumba za watu zimezungukwa na minyaa, kwa kuwa mahali pa mchanga hapatuami maji. Katika viazi hivi mama zetu hupata michembe na matobolwa, vyakula ambavyo huokoa nyumba nyingi wakati ghala la nafaka limekwisha. Mtoto akijaribu kuufinyanga udongo wa luseni, wamwagika katikati ya vidole. Hapo ndipo tunapouliza: "Chini tulikuwa na udongo unatao, hapa tuna mchanga, nani aliyeutenga?" Watoto hutazamana. Mmoja wao siku moja alijibu, "Mwalimu, ni maji," nasi tukafurahi, kwa maana hilo ndilo jibu, wala hakulitoa katika kitabu.

Wasomaji, yafaa mjue kwamba jambo hili la udongo kubadilika toka juu hata chini lilimfikirisha mtu mmoja aliyekuwa mtaalamu wa udongo, jina lake Geoffrey Milne. Alikuwa akifanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa kilimo kilichokuwako Amani, katika milima ya Usambara. Aliona katika nchi zetu za Afrika Mashariki kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo, bali zafuatana katika mteremko kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 akaupa mfuatano huo jina la catena, neno la Kilatini ambalo maana yake ni mnyororo. Toka Desemba 1935 hata Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akichunguza udongo, na habari za safari hiyo zikachapishwa mwaka 1947. Leo neno lake latumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote. Lakini angalieni: kila pete ya mnyororo huo mkulima wa Kisukuma alikuwa ameipa jina lake na zao lake kabla ya mtaalamu yeyote kuja na mfuko wake wa sampuli. Twawaambia wanafunzi maneno haya ili wasidhani kwamba elimu huanza pale wazee wao wanapokomea.

Baada ya luseni twafika penye mawe. Hapa mashamba yaisha. Ni mawe ya itale, ambayo wengine huyaita graniti, makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga. Mawe ya jamii hii katika nchi yetu ni ya kale mno. Wataalamu huhesabu umri wake kuwa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ukilitazama jiwe kwa karibu waona chembe za namna mbalimbali: nyingine zang'aa kama vipande vya kioo, nyingine ni nyeupe au za rangi ya waridi. Jua la mchana hulipasha jiwe moto, usiku hupoa, na kwa miaka mingi ngozi yake huambuka kama ganda la kitunguu. Maji ya mvua hufanya kazi iliyobaki. Zile chembe za waridi huoza polepole zikawa udongo mlaini; zile za kioo haziozi, zawa mchanga. Mchanga ni mzito, hukaa karibu na jiwe. Udongo mlaini huchukuliwa na maji mpaka mbugani. Basi shamba la mpunga na shamba la mihogo ni watoto wa jiwe moja, mmoja amekwenda mbali na mwingine amebaki nyumbani. Mtoto akilielewa jambo hili pale juu, akiwa amekalia jiwe lenyewe, halimtoki tena.

Katika mianya ya mawe wanakaa pimbi, na mijusi yenye vichwa vyekundu huota jua. Mti wa jamii ya mkuyu umeshusha mizizi yake katika ufa, ukalikumbatia jiwe kama mama ashikavyo mtoto. Na chini kidogo, upande wa kaskazini, pana chemchemi. Sababu yake nayo huonekana ukiitafuta: mvua inyeshayo juu ya mawe haikubaliwi na jiwe, hutiririka ikazama katika mchanga wa luseni, kisha huko chini ikikutana na tabaka gumu la itogolo hushindwa kushuka zaidi, ikatokeza nje. Miezi ya Agosti na Septemba, vijito vinapokauka, wanawake wa upande huo huja na ndoo zao hapo kabla ya alfajiri.

Sasa tumefika juu. Hapa watoto hunyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mbele yetu ni ziwa. Ng'ambo ya ghuba yaonekana nchi ya Kibara, na magharibi maji yafunguka kuelekea Ukerewe. Mashariki ni nyika ziendazo hata Serengeti, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na ambayo mkono wake wa magharibi wakaribia kuligusa ziwa. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, na uso wake uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Kwa hiyo mtoto akioga pwani ya Nassa amekwisha kuwa juu kuliko vilele vya milima mingi ya nchi nyingine, wala hajui. Mwaka 1961 na iliyofuata mvua zilizidi hata ziwa likapanda zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likapanda tena likafikia kimo kikubwa mno, likaingia mashamba na nyumba za kando yake. Toka juu twawaonyesha watoto ufuo ulivyo tambarare, nao waona wenyewe kwa nini mita moja ya maji ni jambo dogo ziwani na jambo kubwa shambani.

Jina la ghuba hii nalo lina hadithi ya kilima. Mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alitoka Tabora akaja kaskazini, na tarehe 3 Agosti akapanda kilima kimoja chenye mteremko wa taratibu, si mbali na Mwanza. Alipofika juu aliyaona maji. Hakuona ziwa zima, aliona upande mmoja tu. Lakini hapo hapo akakisia kwamba ndicho chanzo cha mto Nile. Mwenzake Richard Burton, aliyekuwa amebaki Tabora, hakuamini, nao wakagombana miaka mingi. Mwaka 1862 Speke alirudi, akauona mto ukitoka ziwani pale Jinja. Walakini ubishi haukuisha mpaka Henry Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake Lady Alice, akianzia Kageye, ambayo si mbali nasi, na kupita ghuba hii, ndiye aliyeipa jina la Speke. Wavuvi wa pwani hii walikuwa wakitega samaki katika maji hayo vizazi vingi kabla ya mabwana hao, wala hawakuona kwamba limepotea.

Katika hadithi hii twapata mafundisho mawili. La kwanza, kilima kidogo chaweza kumwonyesha mtu jambo ambalo safari ndefu ya bondeni haikumwonyesha. La pili, aonaye toka juu hajamaliza kazi; sharti ashuke, azunguke, apime, aulize wenyeji. Mtu akikaa juu tu na kusema "Nimeona," hana tofauti na yule aliyelala.

Na sasa twafika katika jambo la mwaka huu.

Siku moja ya mwezi wa Juni tulipokuwa tukishuka kwa upande wa kaskazini, tulisikia mlio wa nyundo. Tukamkuta mama mmoja jirani, mjane, ameketi katika kivuli cha mkeka uliofungwa juu ya miti mitatu, akivunja kokoto. Mbele yake lilikuwa jiwe kubwa jeusi kwa masizi. Kazi hii ina desturi yake: huwashwa moto juu ya jiwe, jiwe likipata joto sana hupasuka, ndipo lipigwe kwa nyundo kubwa, kisha kwa ndogo, mpaka zipatikane kokoto za kujaza debe. Wajenzi huzinunua. Na moto huo wataka kuni, na kuni zilikuwa zimekatwa hapo hapo, juu ya chemchemi.

Tukamwamkia: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia: "Mwangaluka, mwalimu." Mmoja wa watoto tuliokuwa nao alikuwa wake, tuliona mtoto huyo akijificha nyuma ya wenzake, si kwa haya ya mama yake, bali kwa kuogopa tutakalolisema. Tukauliza habari za kazi. Akatuambia kwamba debe moja huuzwa kwa bei ndogo, lakini kokoto hazingoji mvua kama pamba, wala hazina wadudu. Kisha akasema neno ambalo halijatutoka mpaka leo: "Mwalimu, ninyi mwapanda kutazama. Mimi napanda nipate kula."

Hatukuwa na jibu siku ile, wala hakutungoja tulitoe. Akaendelea kupiga nyundo. Tulishuka tukiwa kimya. Watoto waliuliza mengi, nasi tukawaambia twendeni kwanza tuone maji yamefanya nini. Chini ya mahali pale miti ilipokatwa tuliona korongo jipya. Msimu uliotangulia tulikuwa tumepigilia mambo kando ya shamba hilo kwa ajili ya somo la hesabu. Mambo matatu ya kwanza yalikuwa yamekwenda na maji. Mchanga uliotoka juu ulikuwa umefunika kona ya jaruba la mpunga, na chemchemi yenyewe ilitoa uzi mwembamba wa maji, ingawa ilikuwa Juni tu, miezi miwili kabla ya ukame wenyewe. Bandubandu huisha gogo. Na kilima nacho huisha kwa debe moja moja.

Basi tulijua mambo mawili yaliyo kweli pamoja: mama yule alikuwa na haki ya kula, na wanawake wa chemchemi walikuwa na haki ya kunywa. Mtu aliyeona moja tu kati ya haya angesema upesi. Sisi tulilazimika kufikiri.

Katika kufikiri huko tulikumbuka habari za nchi ya mbali. Fundi Alexander Mackay, ambaye wasomaji wengi wamelisikia jina lake kwa ajili ya kazi yake Uganda, alikufa mwaka 1890 Usambiro, kusini ya ziwa hili letu. Alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, huko Scotland. Karibu na kijiji hicho, katikati ya mashamba na malisho, pana kilima kiitwacho Tap o' Noth, kimo chake mita 563. Watu wa leo hukipanda kwa ajili ya kutembea tu, kama sisi, na hakuna awaulizaye. Juu yake uko ukuta wa kale wa boma, ambao mawe yake yaliunguzwa kwa moto mkali hata yakayeyuka na kushikamana. Na mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aberdeen walitangaza kwamba katika mabega ya kilima hicho wameona alama za vibanda karibu 800, vya watu waliokaa huko zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Kumbe kilima kile kidogo kilikuwa mji! Leo hakuna hata moshi mmoja.

Huko Scotland nako miti ilikatwa karne kwa karne, kondoo wakala machipukizi, hata mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ikabaki kama sehemu 5 tu katika 100 za nchi. Tangu hapo wamepanda na kulinda, na bado kazi haijaisha. Tena mwaka 2003 waliweka sheria kwamba kila mtu ana ruhusa ya kutembea vilimani hata penye ardhi ya mwingine, mradi aende kwa adabu: asikanyage mimea, wala asiache wazi lango la mifugo. Twalitaja hili kwa sababu watu wengi wa huko hutembea juu ya vilima visivyo vyao. Sisi hapa tuna bahati kuliko wao. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno. Kilima kikiharibika, hatuna bwana wa kumlaumu.

Wala hatukuhitaji kwenda Scotland kutafuta dawa. Wasukuma tangu zamani wana desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua isiguswe, ili majani yake yawafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofika. Wakati wa ukoloni watu walihimizwa kufyeka mapori ili kuondoa mbung'o. Baadaye pamba ikataka mashamba, mifugo ikaongezeka, na jiko likataka mkaa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu waliiita HASHI. Siku zile Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Badala ya kuleta desturi ngeni, waliifufua ngitili. Sehemu nyingi hazikupandwa hata mti mmoja. Zilifungwa tu, na visiki vya zamani vikachipuka, kwa maana mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi. Ndani ya miaka kama 20 zilipatikana hekta zaidi ya 300,000 za ngitili, nyingine za watu binafsi na nyingine za vijiji.

Mkutano wa kijiji ulipofika, neno la kilima likasemwa. Wako waliotaka wavunja kokoto wafukuzwe siku ile ile. Wako waliosema kwamba jiwe ni la kila mtu, mwenye nyundo na apige. Tuliomba nafasi, tukawaeleza watu njia ya maji toka jiweni hata chemchemini, kama tulivyoifuata na watoto. Hatukutumia maneno ya kitabuni; tulisema mbuga, itogolo, luseni, na kila mtu alielewa. Kisha yule mama mjane akasimama. Wengi walidhani atatugombeza. Akasema: "Mimi pia nateka maji pale. Nionyesheni mahali pengine penye jiwe, nami nitahama."

Hapo mzee mmoja, ambaye hata siku moja hakupenda safari zetu za kilimani, alicheka akasema: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyekizunguka kilima hiki. Wapi pana jiwe lisilo na maji chini yake?" Nasi, wasomaji, tulijua. Upande wa kusini, penye mwamba mtupu karibu na njia ya gari, hapana chemchemi wala shamba chini yake. Watu wakakubaliana hivi: upande wote wa kaskazini utafungwa uwe ngitili ya kijiji, bila shoka wala moto, wavunja kokoto watafanya kazi upande wa kusini, na hawatakata mti mbichi kilimani, na shule itaendelea kupigilia mambo yake kando ya korongo na kuleta habari mkutanoni kila baada ya mvua.

Hatusemi kwamba shida imekwisha. Upande wa kusini ni mbali zaidi kwa mama yule, na kuni za kupasulia jiwe bado hununuliwa. Korongo halitazibika kwa mwaka mmoja. Lakini visiki vya juu ya chemchemi vimeanza kutoa machipukizi yenye urefu wa kiganja, nao watoto huenda kuyahesabu, wakigombana nani ameona mengi.

Basi majirani wetu wapenzi, na ninyi wasomaji wa vijiji vingine, jibu letu ni hilo. Kilimani hatutafuti mbuzi wala kuni. Twatafuta kujua maji yanakwenda wapi, udongo watoka wapi, na shamba la mtu mmoja limeungana vipi na kisima cha mwingine. Mtu akikaa bondeni huona shamba lake. Akipanda huona kwamba halikuanzia mpakani mwake.

Hakuna kijiji katika nchi yetu kisicho na mahali palipoinuka kidogo. Wachukueni watoto wenu siku moja ya mapumziko. Ondokeni mapema kabla jua halijawa kali, mchukue maji ya kunywa na matobolwa mkobani. Piteni katika njia, msikanyage pamba ya watu. Waulizeni watoto jina la kila udongo mpitao, na kama hawalijui, waulizeni wazee kabla hawajaondoka. Mkifika juu, kaeni kimya kidogo, kisha tazameni chini, mtafute mahali maji yanapopita.